Mjomba ananiita mwoga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Buguruni, kazi yangu ni ngumi. Tangu niingie ngumi za kulipwa nimepanda ulingoni mara 9. Nimeshinda 6, nimepigwa 3. Pambano la mwisho, wiki tano zilizopita, nililala raundi ya nne. Nilipozinduka nilikuwa nimekalishwa kwenye kona na sikujua nimefikaje pale. Siku kama kumi kichwa kilikuwa kizito na mwanga wa simu ulikuwa unaniumiza macho. Sasa najisikia afadhali, ingawa asubuhi nyingine kichwa kinagonga na mke wangu akiniuliza namwambia sikulala vizuri.

Juzi promota kanipigia. Kuna pambano nje ya nchi, wiki tatu zijazo, raundi nane, na mpinzani hajawahi kupoteza. Tiketi wanatoa wao, viza wanashughulikia wao, na hela ni nyingi kuliko zote nilizopata katika mapambano yangu tisa. Kocha anasema nikatae, nipumzike, nirudi mwakani. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea na naye alikuwa bondia, kakasirika sana. Anasema mabondia wa siku hizi ni waoga. Bingwa wa dunia anapigana mara moja kwa mwaka, wakati zamani Sugar Ray Robinson alipigana mara mia mbili. Mjomba mwenyewe alikuwa akipigana kila baada ya wiki mbili na kesho yake anaamkia kazini.

Shangazi, mjomba anasema kweli? Kwa nini wa zamani waliweza na sisi hatuwezi? Na je, niende au nisiende? Kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao.

Bondia wa Buguruni

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Usiende. Mpigie promota leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, umwambie hapana. Kisha rudi tuzungumze habari za mjomba, maana naye ana sehemu yake ya ukweli na sitaki umvunjie heshima.

Kwenye hesabu usimbishie. Robinson alipigana mara 200 hivi kuanzia mwaka 1940 hadi 1965. Februari 1943 peke yake alipanda ulingoni mara tatu. Tarehe 5 alipigwa na Jake LaMotta kule Detroit, hilo likiwa pambano lake la kwanza kupoteza. Tarehe 19 akampiga mtu mwingine New York, na tarehe 26 akarudi Detroit kumkabili LaMotta yuleyule na kumshinda. Henry Armstrong mwaka 1937 alipigana mara 27, akashinda zote, na 26 kati ya hizo kwa KO. Oktoba 1939, huyo Armstrong alitetea mkanda wake wa dunia mara tano ndani ya mwezi mmoja. Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu, alitetea mkanda mara 7 katika mwaka 1941. Sasa mweke Terence Crawford pembeni yao, mmoja wa mabondia bora kabisa wa zama zako. Mwaka 2023 alipigana mara moja, 2024 mara moja, 2025 mara moja. Mzee aliyekulia katika habari za kina Louis akiona hivyo, ana haki ya kushangaa.

Lakini muulize mjomba swali hili, kwa adabu, mkiwa mnakunywa chai: Armstrong alikuwa anakula nini?

Wale watu walipigana kila wiki kwa sababu kila wiki walikuwa na njaa. Marekani ya miaka ya 1930 uchumi ulikuwa umeanguka, kazi hakuna, na bondia alilipwa kutokana na viingilio vya mlangoni. Miji kama New York, Philadelphia na Chicago ilikuwa na kumbi ndogo chungu nzima zilizoandaa ngumi usiku huu na usiku ule, na kila ukumbi ulihitaji watu wa kupanda. Ukipigana Jumanne, hela yako inaisha Jumatatu. Basi unarudi. Ushujaa ulikuwepo, siupingi, ila aliyepanga ratiba alikuwa mwenye nyumba anayedai kodi, kama huyo wako.

Halafu ikaja televisheni. Baada ya vita kuu ya pili ngumi zilianza kuonyeshwa Marekani usiku wa wiki, bure, sebuleni. Watu wakaona hakuna haja ya kutoka kwenda kulipa kiingilio kwenye ukumbi wa mtaani, na zile kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine. Na ukumbi mdogo ndio shule ya bondia. Pale anajifunza kupigana na mtu wa mkono wa kushoto, na mfupi anayeingia chini, na mzee mjanja asiye na nguvu lakini anayejua kukukanyaga mguu mwamuzi asione. Shule zilipopungua, wanafunzi wakapungua, na mapambano yakapungua.

Baadaye televisheni hiyohiyo ikageuza malipo juu chini. Mei 2015, Floyd Mayweather alipokutana na Manny Pacquiao, nyumba milioni 4.6 za Marekani zililipia kuangalia, wengi wakitoa karibu dola 100. Mayweather inakadiriwa aliondoka na zaidi ya dola milioni 200 kwa raundi kumi na mbili. Mtu akishavuna hivyo katika usiku mmoja, nini kitamrudisha ulingoni baada ya wiki mbili? Tena akirudi akapigwa, thamani yake inaporomoka. Rekodi isiyo na doa imekuwa mali inayolindwa kama hati ya shamba. Robinson alipoteza mara 19 na bado wengi wanamtaja kuwa bondia bora kuliko wote waliowahi kuishi. Siku hizi kijana akipoteza moja tu, runinga zinamgeuzia mgongo.

Hapo mjomba wako namuunga mkono kwa mikono miwili. Crawford na Errol Spence walizungukana miaka mingi kabla ya kukutana Julai 2023, kwa sababu ya mapromota, kampuni za runinga na mgawanyo wa hela. Mikanda nayo imekuwa minne kwa kila uzito, kila chama na mpinzani wake wa lazima na ada yake. Watazamaji wameibiwa mapambano mengi mazuri kwa njia hii. Hasira ya mzee ni ya haki, ila ameielekeza kwako badala ya kuielekeza kwa wenye mikataba.

Kuna na mambo ya mwili. Zamani uzito ulipimwa siku ileile ya pambano, kwa hiyo bondia alikaa karibu na uzito wake mwaka mzima, na aliyepigana kila baada ya wiki mbili hakuwa na nafasi ya kunenepa. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ulihamia siku moja kabla. Leo mtu anajikausha maji hadi midomo inapasuka, anapima, kisha usiku kucha anajijaza tena na kupanda ulingoni akiwa na kilo nyingi za ziada. Mwili hauwezi kufanyiwa hivyo kila mwezi. Ndiyo maana unasikia kambi za wiki nane, kumi, hata kumi na mbili. Na kambi yenyewe huumiza. Pambano la Tyson Fury na Oleksandr Usyk lilisogezwa kutoka Februari hadi Mei 2024 kwa sababu Fury alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini. Hilo la kuahirisha mjomba asilione jipya, kwani lile la Ali na Foreman pale Kinshasa lilitoka Septemba likaenda tarehe 30 Oktoba 1974 kwa sababu hiyohiyo. Foreman alichanika juu ya jicho.

Sasa nikuambie lililonifanya niijibu barua yako kabla ya zote zilizo mezani. Mwambie mjomba akuhadithie habari za Benny Paret. Huyu Mkyuba alikuwa bingwa wa dunia. Septemba 30, 1961 alipigana raundi 15 na Emile Griffith na kushinda kwa tofauti ndogo. Desemba 9 mwaka huohuo akapandishwa kwa Gene Fullmer, mtu mzito kuliko yeye, akapigwa vibaya mno mpaka akalazwa raundi ya kumi. Alipaswa kupumzika muda mrefu. Machi 24, 1962, miezi mitatu na nusu tu baadaye, alikuwa Madison Square Garden akimkabili Griffith tena, runinga zikionyesha moja kwa moja. Raundi ya 12 alinasa kwenye kona, mikono imeshuka, makonde yakaendelea kumwagika. Hakuamka. Alifariki Aprili 3 akiwa na miaka 25.

Watu wengi humlaumu mwamuzi, wengine humlaumu Griffith. Mimi nikiisoma habari ile naona tarehe. Septemba, Desemba, Machi.

Miaka 20 baadaye, Novemba 1982, Mkorea Kim Duk-koo alifariki baada ya kupigana raundi 14 na Ray Mancini kule Las Vegas. Kifo chake ndicho kilichofanya mapambano ya ubingwa yapunguzwe kutoka raundi 15 hadi 12. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna wetu. Robert Wangila wa Kenya, aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 baada ya pambano. Alikuwa na miaka 26, mitatu tu zaidi yako.

Kutokana na misiba hiyo, nchi zenye usimamizi mzuri zikaweka masharti. Bondia aliyepigwa KO anafungiwa wiki kadhaa, pengine hadi siku 90, na haruhusiwi hata kufanya sparing, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake, mpaka daktari aridhike. Hii nayo ni sababu mojawapo ya mapambano kupungua, na ni sababu ninayoishukuru.

Unaweza kuniuliza Shangazi anajua nini kuhusu masumbwi. Ninajua nilichokiona kwa macho. Kaka yangu alikuwa bondia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungua bandeji usiku, maana vidole vyake vilikuwa vimevimba na havikunjiki. Damu ikikauka, bandeji inakuwa ngumu kama gome, inabidi uloweke mikono yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kuvuta polepole. Mwaka mmoja alipigana mara tatu ndani ya wiki saba, kwa sababu promota mmoja alimwambia nafasi hizi hazirudi. La pili aliangushwa. La tatu alishinda, tukapika pilau. Asubuhi yake nilimwona akitia sukari kwenye chai. Akatia vijiko viwili, akakoroga, akaweka kijiko chini, kisha akatia tena viwili, akakoroga. Akarudia mara ya tatu. Nikamwambia kaka, umeshatia. Akaniangalia kama mtoto aliyefumaniwa, akasema, "Najua." Hakuwa anajua. Yupo hai, anaishi kwangu, ni mtu mzima wa miaka 64. Chai yake namtilia sukari mimi.

Kwa hiyo uliposema mwanga wa simu ulikuwa unaumiza macho, na kwamba asubuhi kichwa kinagonga na unamdanganya mkeo, niliiweka barua chini kwanza. Mwanangu, ubongo wako haujapona. Bondia akitikisika ubongo mara ya pili kabla ya ile ya kwanza kupoa, konde la kawaida ambalo siku nyingine angelicheka linaweza kumuua.

Halafu jiulize kwa nini wamekupigia wewe. Una rekodi ya ushindi 6, na wiki tano zilizopita umelala. Wanaomjenga kijana wao asiyepoteza wanatafuta mtu wa namna hiyo hasa, mwenye jina la kuandikika kwenye bango, aliyetoka kuangushwa, mwenye shida ya hela, na wiki tatu za kujiandaa. Wamesoma rekodi yako vizuri kuliko ulivyoisoma mwenyewe. Promota atakutajia Hassan Mwakinyo, aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 na kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili hali Waingereza hawamjui hata jina. Ni kweli, na sote tulifurahi. Lakini wapo vijana wengi wa kwetu waliopanda ndege wakiwa na majeraha ambayo hayajapona, wakarudi na bahasha na uso uliovimba, na miezi miwili baadaye wakaitwa tena. Habari zao hazisimuliwi redioni.

Lipo jambo moja ambalo ninatofautiana na kocha wako, na umwambie hivyo kwa heshima. Usikae mwaka mzima bila sababu. Hawa mabingwa wanaopigana mara moja kwa mwaka wasiwe kipimo chako, kwa sababu wao walishasoma. Vasyl Lomachenko aliingia ngumi za kulipwa akiwa na karibu mapambano 400 ya ridhaa mgongoni. Mayweather huyohuyo, mwaka 1998 alipokuwa kijana wa miaka 21, alipigana mara 7. Mike Tyson alianza Machi 1985, mpaka Desemba alikuwa ameshapanda mara 15, na Novemba 1986 akawa bingwa wa dunia katika pambano lake la 28. Wewe una 9. Unahitaji kupanda mara kwa mara, ila raundi nne au sita, dhidi ya watu wa kiwango chako, hapa nyumbani, na kati ya moja na nyingine upate muda wa kupona na kujirekebisha. Ukishapona, mapambano manne au matano ya aina hiyo kwa mwaka ni mazuri. Hapo mjomba ana hoja. Ngumi hazijifunzwi kwa kupiga gunia peke yake.

Na umkumbushe mjomba, kwa upole, kitu kimoja katika maneno yake mwenyewe. Amesema alipigana kila baada ya wiki mbili na kesho yake akaamkia kazini. Maana yake alikuwa na kazi. Nadhani alipigania timu ya shirika, kama wengi wa rika lake, ngumi za ridhaa, raundi tatu, na mwisho wa mwezi mshahara ulikuwepo hata kama alipigwa. Hakuna aliyemlazimisha kuchagua kati ya kichwa chake na kodi ya nyumba. Wewe unapigana raundi nane na ukipigwa hakuna mshahara. Mchezo wenu una jina moja, lakini mzigo aliobeba yeye na uliobeba wewe haulingani.

Kuhusu kodi, siwezi kujifanya haipo. Nenda kwa mwenye nyumba wewe mwenyewe kabla mwezi haujaisha, na mkeo awepo, mwombe mlipe kidogokidogo. Muulize kocha kama unaweza kufundisha watoto na watu wa mazoezi ya mwili asubuhi pale kambini, maana siku hizi wapo wanaolipa ili wajifunze kupiga ngumi bila kupigana. Kazi hiyo kichwa kinaiweza, mradi usiguswe. Na mjomba, kwa kuwa ndiye mwenye hasira zaidi, mwambie achangie.

Jumatatu nenda Muhimbili, pale MOI, ueleze kila kitu, tangu ulivyozinduka usijue ulipo hadi hizi asubuhi za kichwa kugonga, na uulize kama unahitaji CT scan. Usimfiche daktari hata dalili moja kwa kuogopa kufungiwa. Mchukue mkeo, maana yeye ameona mambo ambayo wewe hukumbuki. Majibu yapeleke kwa kocha na kwenye kamisheni ya ngumi za kulipwa, ili siku promota mwingine akipiga simu iwepo karatasi inayomjibu. Sparing usifanye mpaka daktari aandike kwamba umepona.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, mwambie mkeo ukweli kuhusu kichwa chako. Kisha niandikie unijulishe daktari amesema nini. Nitaisubiri barua yako.

Shangazi